Je, Kompyuta Yaweza Kumfariji Mwanafunzi?

Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la shule nieleze jambo ambalo limekuwa moyoni mwangu tangu muhula uliopita. Najua baadhi ya wasomaji watalishangaa, na wengine watalicheka, walakini naamini ya kwamba wakisoma mpaka mwisho wataona si jambo la mzaha.

Desturi yetu bwenini ni hii. Mwanafunzi akishikwa na homa hupewa ruhusa, hupelekwa zahanati, hupimwa malaria, na wenzake humletea uji kitandani. Akivunjika mkono uwanjani shule nzima humpa pole. Lakini akishikwa na huzuni isiyokwisha, akawa hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, na masomo hayaingii kichwani, hapo hapati ruhusa wala uji. Huambiwa ni mvivu, au amependa, au ana majini, au anaogopa mtihani. Nasi hucheka, tukapita.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao waliopita. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa bweni. Mwenzetu mmoja, ambaye kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka changu, aliacha kucheza mpira, kisha akaacha kwenda kula, kisha akawa haamki kengele ya alfajiri ikilia. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wachelewaji, na jina lake nililiandika mara tatu katika juma moja. Aliadhibiwa mara zote tatu wala hakujitetea. Juma lililofuata mjomba wake alikuja kumchukua. Baadaye ndipo tuliposikia kwamba daktari amemwona na kusema ni mgonjwa wa sonona, na kwamba ugonjwa ulimwanza tangu wakati wa likizo. Jina lake nililiandika mara tatu, lakini sikumwuliza hata mara moja, "Ndugu yangu, una nini?"

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za ugonjwa huu katika chumba chetu cha kompyuta, na humo ndimo nilimopata fikira ninayotaka kuileta mbele yenu.

Kwanza yafaa tujue tunasema juu ya nini. Kila mtu huhuzunika, na kila mtahiniwa hupatwa na wasiwasi mtihani ukikaribia. Hayo si maradhi. Sonona ni huzuni nzito inayokaa majuma mawili au zaidi, ikamwondolea mtu furaha katika mambo aliyoyapenda, ikamharibia usingizi, chakula na masomo. Kadhalika wasiwasi huwa ugonjwa pale unapomtawala mtu kila siku, moyo ukamwenda mbio na mikono ikamtetemeka bila hatari yo yote mbele yake. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Ikiwa hesabu hiyo yatuhusu sisi kama inavyowahusu wengine, basi katika mkondo mmoja wa wanafunzi 42 tunao wenzetu 6 ambao hawajasema neno.

Na wangesema, wangekwenda wapi? Nchi yetu inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na tunayo Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, na madaktari wa akili pale Muhimbili. Lakini madaktari hao ni wachache mno kwa taifa kubwa kama letu, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Kutoka Goba mpaka Muhimbili ni safari ya kubadili magari, tena yenye foleni. Mzazi atapanda daladala kwa ajili ya mguu uliovunjika. Kwa ajili ya mtoto "aliyekuwa kimya tu" hatapanda, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ukimya ule ni ugonjwa.

Sasa nakuja kwenye fikira yenyewe. Katika nchi nyingine watu wamejaribu kutibu sonona na wasiwasi kwa kutumia kompyuta. Simaanishi kwamba kompyuta humchoma mtu sindano au humpa vidonge. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo na mazoezi ya fikira, na ilitungwa na madaktari kabla haijatiwa katika mashine. Mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo ni daktari Aaron Beck wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 aliona ya kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo mabaya yaliyowajia upesi, wakayaamini bila kuyachunguza.

Nitatoa mfano wa hapa hapa shuleni. Mwanafunzi amepata alama 18 katika jaribio la hesabu. Wazo linamjia, "Mimi sifai kitu." Wazo hilo linamletea huzuni, na kwa huzuni hiyo haendi kujisomea jioni. Kwa kuwa hakusoma, jaribio linalofuata anapata 15, na wazo lake linaonekana kuwa la kweli. Tiba hii humfundisha kusimama pale penye wazo lenyewe na kuliuliza: Una ushahidi gani? Je, alama 18 za hesabu zinafuta alama 71 za Kiswahili? Rafiki yako angepata 18 ungemwambia hafai kitu? Kisha humpa kazi ndogo ya kufanya kesho, kama vile kwenda kwa mwalimu na swali moja tu. Programu ya kompyuta huyaweka maswali hayo katika masomo mafupi, na mgonjwa huyasoma, hujibu kwa kuandika, na hurudi juma linalofuata kuendelea.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuyajaribu katika shule ya sekondari kama hii. Kijana wa Kenya aitwaye Tom Osborn, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitengeneza pamoja na wenzake programu waliyoiita kwa neno letu la Kiswahili, Shamiri, yaani kustawi. Matokeo ya majaribio yao yalitangazwa mwaka 2020. Wanafunzi 103 waliketi mbele ya kompyuta za shule mara moja tu. Kwa kura, baadhi yao walipewa programu ya Shamiri, na baadhi walipewa somo la namna ya kujisomea vizuri, ili wapate kulinganishwa. Wale wa Shamiri walisoma ya kwamba akili na tabia ya mtu si jiwe, zaweza kukua na kubadilika. Wakaandika mambo wanayoyashukuru. Wakaandika pia yale wanayoyathamini katika maisha yao. Baada ya majuma mawili walipimwa tena. Dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa wale wa Shamiri kuliko kwa wenzao, na waliopata nafuu kubwa zaidi ni wale waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo.

Fikirini, wasomaji wapenzi. Kikao kimoja, katika chumba kama kile chetu chenye kompyuta ambazo siku za Jumamosi hufunikwa vitambaa vumbi lisiingie!

Lakini kwa nini mwanafunzi aiambie mashine jambo ambalo hakumwambia rafiki yake? Jibu nililipata katika habari ya zamani kidogo. Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu iitwayo ELIZA. Ilikuwa programu nyepesi iliyogeuza maneno ya mtu kuwa swali. Mtu akiandika kwamba ana huzuni, yenyewe humwuliza juu ya huzuni hiyo. Haikuelewa neno hata moja. Lakini katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi mingi na alijua kabisa kwamba ni mashine, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba bwana huyo atoke chumbani ili abaki peke yake.

Mimi naona katibu yule ni sisi sote. Mashine haicheki. Mashine haiendi kusimulia foleni ya chakula. Haimwandiki mtu katika daftari la wachelewaji. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wahenga hao hao walijua ya kwamba mtu hufichua maradhi yake mahali asipoaibishwa. Ikiwa leo mahali hapo ni mbele ya kioo cha kompyuta, basi tupaanzie hapo.

Nasema tupaanzie, sisemi tuishie hapo. Hapa ndipo ninapotengana na rafiki zangu wanaofikiri ya kwamba mashine itamaliza kila kitu. Bwana Weizenbaum mwenyewe aliingiwa na hofu kuona watu wanavyojifungulia mashine isiyowaelewa, na mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba kuna kazi ambazo hazifai kupewa kompyuta hata kama zinaweza kufanywa nayo.

Tena Waingereza wamekwisha kulipia somo hilo. Mwaka 2006 taasisi inayoishauri serikali yao juu ya tiba ilipendekeza programu moja ya kompyuta, iitwayo Beating the Blues, itumike kwa wagonjwa wa sonona isiyo kali. Watu walifurahi kwa kuwa ni rahisi kuliko kuajiri waganga wengi. Kisha wataalamu wakaipima katika kazi ya kila siku ya madaktari wa mitaani, pamoja na programu nyingine ya bure kutoka Australia iitwayo MoodGYM. Wagonjwa walikuwa 691, na matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Ilionekana ya kwamba baada ya miezi minne, waliopewa programu hizo juu ya matunzo ya kawaida ya daktari hawakupata nafuu kuwashinda waliopata matunzo ya kawaida tu. Sababu moja iko wazi: wengi hawakuendelea. Hata mmoja katika kila watano hakumaliza masomo yote. Mtu mwenye sonona ni mtu aliyepungukiwa nguvu ya kuanza jambo. Ukimwachia mashine na kumwambia "jitibu", umempa kazi ile ile ambayo ugonjwa umemnyang'anya.

Baadaye wataalamu hao hao walijaribu tena, safari hii baadhi ya wagonjwa wakipigiwa simu na mtu aliyefundishwa, wakazungumza naye juu ya maendeleo yao na shida zao. Waliosaidiwa hivyo walikuwa na hali nzuri zaidi baada ya miezi minne kuliko walioachwa na mashine peke yake. Kwa hiyo kilichoongeza nguvu ya kompyuta ni mtu anayeuliza, "Umefika wapi? Umekwama wapi?"

Hata huko Kenya jambo hili laonekana. Ile programu ya kompyuta ilipunguza dalili za sonona, lakini haikuonyesha faida katika wasiwasi. Mwaka 2021 kundi hilo hilo la Shamiri lilitangaza jaribio jingine, la wanafunzi 413. Mara hii hawakutumia kompyuta. Walitumia vijana waliotoka kumaliza sekondari, wakafundishwa kwa muda mfupi, wakakutana na wanafunzi katika vikundi mara moja kwa juma kwa majuma manne. Hapo sonona ilipungua, na wasiwasi pia ukapungua. Majaribio hayo mawili hayakufanywa pamoja, kwa hiyo si haki kusema moja limelishinda jingine. Walakini mimi nachukua funzo hili: mashine yaweza kufungua mlango, na mtu ndiye anayeingia kukaa na mgonjwa.

Najua yako maneno yatakayosemwa dhidi yangu, nami nitayajibu moja moja.

Wazazi wengine watasema, "Sisi tulisoma katika shida kuliko ninyi, tulitembea maili nyingi bila viatu, na hatukuwa na sonona." Kwa heshima yote, wazazi wetu, nauliza: je, hamkumjua mwenzenu hata mmoja aliyeacha shule akasemwa amerogwa? Hamkuwa na mjomba aliyekaa kibarazani miaka bila kusema na mtu? Ugonjwa ulikuwapo, ila haukuwa na jina.

Wengine watasema dawa ya huzuni ni sala. Nami nasali, na sala imenisaidia mara nyingi. Lakini mwenye malaria husali na kunywa dawa, wala hatuoni kwamba amemkosea Mungu. Basi tusimkataze mwenye sonona kufanya hayo mawili.

Wengine watasema shule yakataza simu, kisha mwandishi huyu ataka turudishiwe simu kwa mlango wa nyuma. La, hasha! Sitetei simu. Tena nataka kuwaonya wenzangu juu ya jambo moja. Wako wanafunzi ambao likizoni huzieleza programu za kisasa za kuzungumza siri zao zote, na programu hizo hujibu kwa maneno matamu kwa Kiswahili kizuri. Lakini programu nyingi za namna hiyo ziliundwa kwa mazungumzo ya kila jambo, hazikuundwa ziwe tiba. Mara nyingine hukosea kwa sauti ya mtu anayejua, na mara nyingine humkubalia mtu hata wazo ambalo lingepasa kupingwa. Kuna tofauti kubwa kati ya programu iliyotungwa na matabibu, ikapimwa kwa wanafunzi na hesabu zake zikatangazwa, na sauti ya kirafiki isiyojulikana inamwambia nini nani. Ya kwanza ni kama dawa yenye karatasi ya maelezo. Ya pili ni kama kidonge ulichookota stendi.

Basi, baada ya maneno hayo yote, nataka nini? Nataka mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, chumba cha kompyuta kifunguliwe saa moja kila Jumamosi kwa ajili ya mwanafunzi ye yote anayetaka kutumia programu ya namna hii, baada ya walimu kuitafuta iliyopimwa, na matabibu kuikagua na kuithibitisha kwamba inatufaa kwa lugha na kwa umri wetu. Pasiwe na orodha ya majina mlangoni. Wengine waingie kuandika kazi za darasani, wengine wafanye mazoezi hayo, na asijulikane nani anafanya lipi.

La pili, awepo mwalimu mmoja wa unasihi wa kuwasaidia, wala asiwe mwalimu wa nidhamu. Nasema hivi bila kumvunjia heshima mtu. Mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo asubuhi mtu ambaye jioni atamchapa. Mwalimu huyo awe anauliza kila juma, "Umefika wapi?" kama nilivyoeleza, kwa maana bila swali hilo kompyuta zetu zitarudi kufunikwa vitambaa baada ya mwezi mmoja.

La tatu, ijulikane wazi kwamba mashine si ya wagonjwa wote. Mwanafunzi ambaye amefikia kuwaza kujidhuru, au asiyekula kabisa, au anayesikia sauti zisizokuwapo, asipelekwe kwenye kompyuta wala asipelekwe kwenye adhabu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi aitwe. Na sisi wenzake, tukisikia maneno ya namna hiyo bwenini usiku, tusingoje asubuhi. Kumwamsha matroni au patroni kwa jambo kama hilo si umbeya.

La nne latuhusu viranja. Kabla ya kuandika jina la mtu mara ya pili, kiranja akae naye kwanza na kumwuliza ana nini. Kazi hii haihitaji umeme, wala programu, wala fedha. Laiti ningeifanya mimi mwaka jana, labda mwenzetu angefika kwa daktari mapema.

Kwenu wazazi, ninaomba jambo moja dogo. Siku ya kututembelea mnatuuliza tumekuwa wa ngapi darasani, na mnafanya vema kuuliza. Ulizeni pia tunalala vipi. Mtoto akijibu "vizuri tu" huku akitazama chini, msiondoke upesi kuwahi gari.

Kwenu wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Nne, tuliomaliza mitihani ya utamilifu na tunaongoja ule wa Taifa, najua wako kati yenu wanaosoma maneno haya na kujiona humo ndani. Msione haya. Ugonjwa huu hautazami nani ana akili na nani hana, nani ametoka kwenye nyumba ya kigae hapa Goba na nani ametoka mbali mikoani. Wengi hupona. Mwenzetu yule niliyemtaja sasa yuko shule nyingine ya kutwa karibu na kwao, na likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu. Nilimwomba radhi kwa majina yale matatu. Alicheka, akasema hakuwa ameyahesabu. Kisha tukacheza mpira mpaka magharibi.

Sisi tutaondoka shuleni hivi karibuni, na huenda hatutakiona chumba kile kikifunguliwa siku ya Jumamosi. Lakini wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wameingia mwaka huu na masanduku yao, na miongoni mwao wamo watakaolia usiku chini ya shuka. Nawaomba walimu walitazame jambo hili katika kikao chao kijacho, na kama wakiona nimekosea, mhariri awape nafasi katika toleo lijalo wanijibu. Nitafurahi kusoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Goba, Dar es Salaam.